Kabla hujamvika binti kiatu cha kioo

Hadithi yangu ya kwanza ya mapenzi ya Krismasi niliiweka Uingereza ya mwaka 1815. Sebuleni nikaweka mti wenye mishumaa, mezani kadi za heri, na binti wa kambo kajibanza nyuma ya pazia akimchungulia bwana mgeni. Niliiona tamu kweli. Rafiki niliyempa aisome akairudisha na miduara miwili ya wino mwekundu: mti, na kadi. Kadi za Krismasi zilianza kuuzwa London mwaka 1843. Mti ulikuwepo, ndiyo, maana Malkia Charlotte alisimamisha wake Windsor mwaka 1800, ila yalikuwa mambo ya watu wa tabaka la juu. Familia nyingine zilianza kuuiga kwa wingi baada ya 1848, gazeti lilipochapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka.

Nikavifuta vyote viwili, sebule ikabaki tupu. Wewe unayeanza, yakikukuta hayo usikate tamaa, maana hadithi yangu ilipona hapohapo. Katika kutafuta walichotundika watu wa enzi zile nikakutana na kitawi chenye vitunda vyeupe, cha mmea uitwao mistletoe, unaoota juu ya miti mingine. Kwa desturi ya enzi zile, mwanamume akimbusu msichana chini yake, anachuma kitunda kimoja. Vitunda vikiisha, na mabusu yamekwisha. Nikaweka kalamu chini. Kwani hii si ile saa sita ya usiku ya Cinderella, uchawi wake unapokwisha? Tena hii inahesabika, na kila aliyemo sebuleni anaiona ikipungua.

Tangu siku hiyo sitii muujiza kwenye hadithi za namna hii kabla sijajiuliza: ni kitu gani cha zama hizo kingeweza kufanya kazi ya uchawi? Chukua kiatu cha Cinderella: badala yake weka barua. Kabla ya 1840, kwa kawaida aliyepokea barua ndiye aliyeilipia. Barua ya mpenzi imefika mlangoni, binti hana hata peni moja, mama wa kambo anatoa sarafu na kuitia barua mfukoni mwake. Jini wa nini tena?

Sheria nayo usiiruke. Tangu 1754, aliye chini ya miaka 21 akitaka kufunga ndoa kwa leseni alihitaji ridhaa ya baba au mlezi. Njia nyingine ilikuwa kutangazwa kanisani Jumapili tatu. Sasa hesabu mwenyewe: toka mkesha wa Krismasi hadi tarehe 6 Januari, sikukuu zinapofungwa, Jumapili ni mbili tu. Ama uwatoroshe hadi Scotland, ambako sheria hiyo haikufika, ama uwaache wachumba. Mimi huwaacha wachumba. Hadithi fupi haibebi safari ndefu ya farasi.

(Na kijakazi wako wa Kiingereza asiwataje ndugu Grimm. Ngano zao zilianza kutoka Desemba 1812, lakini kwa Kijerumani. Cinderella wa Mfaransa Perrault, wa 1697, alikwisha kutafsiriwa zamani, huyo mruhusu.)

Rasimu ya pili sikuianzia tena kwenye utoto wa binti na mazishi ya mama yake. Niliianzia vitunda vikiwa vimebaki vitatu, na wageni watano ndio kwanza wanavua makoti.