Nitengeneze au niuze? Barua kwa binti yangu mwenye Canter

Mwanangu,

Marahaba, mama. Sisi huku Ilula wazima, mama yako anakusalimu na anauliza wajukuu.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia usiku nikiwa nimetulia. Unasema gari linameza oili, linatoa moshi, likipandisha na mzigo linachoka. Fundi wa hapo Makambako amekutajia shilingi milioni 6 kushusha injini na kufanya ovaholi. Wakati huohuo dalali ana mteja wa milioni 18, na wewe unawaza uchukue hizo, ukope benki milioni 30, uagize jingine kutoka Japani. Mwisho ukaandika kwamba limeshatembea zaidi ya kilomita laki saba, na kama nitaumia ukiliuza.

Kwanza hizo kilomita ziweke pembeni. Gari lililotembea laki saba kwenye lami linaweza kuwa zima kuliko lililotembea laki tatu likitoa viazi mashambani msimu wa mvua. Na hilo utakaloagiza, nani atakuhakikishia kwamba dashi yake haikuchezewa kabla ya kupanda meli?

Chukua daftari lako la mwaka huu uhesabu siku ambazo gari limelala. Usihesabu fedha za spea tu, hizo unazijua kwa sababu zimetoka mfukoni. Hesabu na mzigo uliokuwa wako ukaondoka na gari la mtu mwingine, na posho ya dereva aliyekaa gereji akisubiri. Mfanyabiashara wa viazi hawezi kungoja, mzigo unamharibikia. Akishapakia kwa mwenzako mara mbili, hakupigii tena. Ukikuta gari limelala siku chache na zote ni kwa tatizo hilihili la injini, basi una ugonjwa mmoja na dawa yake inajulikana. Ukikuta mwezi huu giaboksi, mwezi ujao difu, unaofuata waya, hapo ni gari zima limechoka, na milioni 6 za injini hazitaligusa.

Sasa moshi. Hukuniambia ni wa rangi gani, na fundi aliyekutajia milioni 6 bila kukuonyesha rangi ya moshi amekimbilia bei mapema mno. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, mwambie dereva awashe wewe ukiwa umesimama nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka dakika moja mbili kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu, oili inadondokea ndani usiku kucha. Hiyo ni kazi ya juu, ya hedi, na haihitaji kushusha injini. Bluu ikizidi gari linapopandisha na mzigo, hapo ni ringi na laina. Fungua mfuniko wa oili injini ikiunguruma, uweke juu ya tundu lake bila kuukaza. Ukirukaruka na mvuke ukasukuma kwa mapigo, ujue kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, inapita pembeni ya pistoni kwenda chini, na fundi wako amesema kweli.

Mweusi ni habari nyingine kabisa, dizeli nyingi au hewa kidogo. Badilisha chujio la hewa, peleka nozeli zikapimwe, kisha urudi mlimani uone kama bado linachoka. Watu wameshusha injini nzima kwa tatizo la nozeli. Na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni wa kutazamia gasketi ya hedi. Chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena, livutwe hadi gereji.

Baada ya hapo mtafute fundi mwenye geji apime kompresheni ya silinda zote nne, akuandikie namba kwenye karatasi. Namba hizo ndizo utakazokaa nazo mezani kujadili bei.

Lakini yote hayo ni ya injini, na injini hununuliwa. Mimi ninachotaka ujue kabla hujatoa hata shilingi ni hali ya chasisi. Lipeleke likaoshwe chini kwa maji ya presha, liache likauke, halafu ulale chini wewe mwenyewe na tochi. Najua unavyoheshimu mafundi wako, ila kwa hili usimtume mtu. Anza nyuma ya kebini, nenda kwenye vishikio vya springi vyote, kisha mahali bodi inapokalia chasisi. Ufa mchanga hauonekani kama ufa. Utaona mstari mwembamba wa kutu unaoanzia kwenye tundu la riveti au bolti na kupanda pembeni. Pitisha ukucha, ukikwama hapo weka alama ya chaki. Tazama pia vibati vya kuchomelea. Kimoja kilichofanywa vizuri si tatizo, lakini kibati juu ya kibati mahali palepale maana yake chuma kimekataa. Kisha tazama tairi za mbele. Zikiwa zinalika upande mmoja hata baada ya kufanya alaimenti, na gari linatembea kiupande, basi chasisi imepinda.

Chasisi ikiwa imepasuka sehemu zaidi ya moja au imepinda, uza, wala usimpe fundi wa injini hata mia. Ikiwa nzima, ushauri wangu ni utengeneze. Nakuonyesha hesabu yangu.

Ovaholi ya milioni 6 ikifanywa kwa uaminifu ikakupa miaka miwili tu, ni kama 250,000 kwa mwezi. Mkopo wa milioni 30 kwa miaka mitatu, hata benki ingekuonea huruma isitoze riba, ni zaidi ya 830,000 kila mwezi, gari liwe na mzigo au limelala. Na benki itataka bima kubwa, wewe sasa hivi unakata ndogo. Kama ungekuwa na mkataba wa kusafirisha, wenye tarehe na sahihi, ningekuambia kopa. Lakini kazi yako ni ya simu, leo mbao za Mafinga, kesho viazi, ukienda Dar hujui kama utapata mzigo wa kurudi. Mkopo haujui msimu, mwanangu.

Kuna na jambo la aina ya gari utakalopata. Mwaka 2003 jiji la Tokyo na mikoa jirani walianza kuzuia malori ya dizeli ya zamani kwa ajili ya masizi, na wenyewe wakayatafutia soko nje yakiwa bado na nguvu. Injini yako ya 4D33 ni ya kizazi hicho, pampu yake ya dizeli haina kompyuta, na ikikuzimia Ruaha Mbuyuni usiku utapata fundi wa kuiwasha. Canter za miaka ya karibuni ni nzuri, hazina kelele na hunywa dizeli kidogo, lakini zina mfumo wa dizeli ya presha kubwa unaoendeshwa na kompyuta na usiosamehe dizeli chafu, zina chujio la masizi kwenye ekzosi linaloziba, na baadhi za kuanzia 2010 zina gia za DUONIC, zinazojibadilisha zenyewe, ambazo si kila fundi anathubutu kuzifungua. Jiulize ni nani hapo Makambako ana mashine ya kuzipima. Ukiwa na jina la mtu huyo, sawa.

Ukiamua kutengeneza, spea nunua mwenyewe. Nenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar, na sampuli mkononi, usinunue kwa picha ya simu, na ununue ringi, beringi na gasketi za kiwanda hata kama za bei rahisi zimefungwa kwenye boksi linalong'aa. Krenki ipimwe kwa mashine kabla hujanunua beringi, maana ikichongwa saizi hubadilika, 0.25 au 0.50, na beringi za standadi hazitafaa. Hedi nayo ipelekwe kwa mashine ikasawazishwe. Fundi akikushawishi ununue injini ya mtumba badala ya ovaholi, si wazo baya, ila uisikie ikiwaka kabla hujalipa, na ukumbuke namba ya injini kwenye kadi itabidi ibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuliuza utasumbuka. Kazi yenyewe ifanyike sasa, mahindi hayajaanza kutoka. Likishafungwa, kilomita 1,000 za mwanzo libebe nusu mzigo, oili imwagwe mapema, dereva asilikamue.

Halafu lumbesa, hayo magunia ya kujazwa kupita kiasi. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na wewe unajua yanayopakiwa usiku ni ya uzito gani. Gari la tani 3 na nusu likibebeshwa tani 6 kila wiki halitakaa na injini yoyote, mpya au ya zamani. Ukimkatalia mteja wa lumbesa utampoteza, ndiyo. Mpoteze. Umeongeza maisha ya springi, difu, klachi na hiyo chasisi tunayoiombea.

Na breki sizijadili kwa fedha. Wewe hukai kwenye usukani, anayeshuka mlima Kitonga na mzigo ni mtoto wa watu, na utingo wake. Kabla ya lolote, hata kabla ya kupima kompresheni, dramu za breki zitolewe zote nne, laini zake zitazamwe, mpira wa master ubadilishwe kama unavuja, na breki ya ekzosi irudishwe ifanye kazi. Najua iliharibika zamani na wote tumezoea kutembea bila hiyo. Ikiwa fedha haitoshi vyote, gari lilale mpaka ya breki ipatikane. Sitaki kusikia limeshuka ule mlima likitegemea gia peke yake.

Kuhusu kuumia kwangu. Gari hilo limewasomesha, na kila nikiliona barabarani nalijua kwa mlio. Lakini nilikupa ili ufanyie kazi, sikukupa ulitunze kwa ajili yangu. Ukiliuza kwa sababu hesabu imekataa, nitakubariki. Ukiliweka kwa sababu unamwogopa baba, utaniumiza zaidi, maana utakuwa unatengeneza kila mwezi huku unanificha.

Dalali mwambie asubiri. Jumamosi napanda basi nakuja, tulitazame chasisi pamoja kabla hujatoa jibu kwa yeyote. Tukikuta imepasuka na mteja bado analitaka, mwonyeshe ufa ulipo, apange bei akijua anachonunua. Hata akishusha hadi milioni 14, pokea. Naye ataweka dereva humo.

Niandalie ovaroli ya mumeo, yangu haijarudi kwa fundi cherehani.

Baba yako