Ana deni au hana deni? Maswali yenu ya uandishi

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela. Barua ni nyingi na nyingine zinajirudia. Kwa waliouliza tena: kwa hiyo ni maneno mawili. Kwa sababu, mawili. Kwa nini, mawili. Mwakani mtauliza tena, najua.

Dalali aliniandikia: "Mzee ana shida, njoo na hela." Nikajua anauza kiwanja chake kwa dhiki, nikaenda na bei ya kutupa. Mzee akanifukuza. Dalali anasema alimaanisha "hana shida", yaani mzee hana kinyongo na bei tuliyopanga. Nani mwenye kosa? (Msomaji, Mbalizi)

Dalali. Na wewe pia kidogo, kwa kukimbilia shida ya mwenzio.

Hii h imenichosha. Watu wanaiacha pale inapotakiwa (apa, uyu, ela, atujafika) na kuipachika isipotakiwa (hasante, hofisi, hacha, hakili). Ukiandika "hasante" utachekwa tu, yanaisha. Lakini kuna mahali ambapo h peke yake ndiyo inayobeba ukanushi: ana na hana, atalipa na hatalipa, atakuja na hatakuja. Hapo ukikosea hujakosea tahajia, umesema kinyume. Fikiria mweka hazina wa kikoba anaandika kwenye kundi la simu, "Mama Neema hatalipa Ijumaa", naye alitaka kusema atalipa. Kabla ya saa sita mchana mama wa watu ameshasemwa mtaa mzima.

Njia ya kujipima ni rahisi. Peleka sentensi kwenye wingi. Wana deni, hawana deni. Watalipa, hawatalipa. Wingi ukianza na "hawa", basi umoja una h. Ukianza na "wa", umoja hauna. Hakuna mtu niliyewahi kumwona akichanganya "wana" na "hawana", hata yule anayeandika "hasubuhi".

Ujumbe unaohusu pesa usiutegemeze kwenye herufi moja. Andika "amekubali" au "amekataa". Na kwa kuwa umetaja kiwanja: usibebe hela kwa sababu ya ujumbe wa dalali, awe ameandika vizuri au vibaya. Kutana na mwenye mali, pitia ofisi ya serikali ya mtaa, waulize majirani wa mipaka. Hili hukuuliza, lakini naona linakuhusu.

Viazi zinauzwa au viazi vinauzwa? (Mkulima, Uyole)

Vinauzwa. Kiazi kinauzwa, viazi vinauzwa. Maparachichi yanauzwa. Ndizi zinauzwa. Ila tangazo lako lina tatizo kubwa kuliko hilo: umeandika "bei kwa gunia". Gunia la nani? Mnunuzi atakuja na gunia lake, alishonee kilemba juu, na lumbesa hiyo utaibeba wewe. Andika bei kwa kilo.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni Mnyakyusa, nafanya kazi Iringa mjini. Kwenye kundi la kazini wananicheka kwa sababu nachanganya r na l. Nifanyeje? (Msomaji, Kihesa)

Marahaba. Kwanza wanaokucheka waache, nitawafikia.

Kinyakyusa hakina r. Mtoto aliyekulia Rungwe akisikia lugha ya mama tu anakutana na r shuleni, ulimi ukiwa umeshazoea l. Kwa hiyo katika kusema sina ugomvi na wewe, na wala si Wanyakyusa peke yao, nchi hii ina makabila mengi yenye hali hiyo. Wengine wanakosea kwa kuogopa kukosea: wameambiwa sana kuhusu r hadi wanaitupia kila mahali, na hao ndio wanaotuandikia "tafadhari".

Kuandika ni jambo lingine. Ukiandika unapata nafasi ya kutulia, na kamusi haicheki mtu. Maneno yanayokuumbua kila siku si mengi kama unavyodhani. Tafadhali, mahali, dalili na kalamu ni l. Habari, karibu, barabara, marehemu na rambirambi ni r. Hilo la mwisho lijue vizuri zaidi, maana "lambilambi" kwenye ujumbe wa msiba inaumiza watu ambao hawana nguvu ya kucheka.

Kisha shika yale maneno pacha, ambayo yote mawili yapo katika lugha na hata simu haitakusahihisha. Kula na kura. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Mahali na mahari! Ukiwaandikia wakwe watarajiwa "tumeshakubaliana mahari, tuonane Jumamosi", nawe ulikuwa unazungumzia ukumbi, wazee watakuja na hesabu zao za ng'ombe. Ukikwama, tafuta neno la ukoo mmoja usilolitilia shaka. Kula kunazaa chakula, mlo na mlaji. Kulala kunazaa malazi. Kura haina uhusiano na sufuria.

Sasa kwa wachekaji wa Iringa. Mmoja wenu, katika ujumbe ule ule mlionitumia kama kichekesho, ameandika "ata soma lini uyu". Makosa mawili katika maneno manne. Atasoma ni neno moja, na huyu ana h.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Vijana wanaandika "xaxa", "cjui", "2po". Kwa nini BAKITA isipige marufuku? (Mafinga)

Shikamoo mwalimu. BAKITA iliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili kukuza lugha na kusimamia usanifu wake. Haikupewa rungu la kukagua simu za watu, na mimi sitaki ipewe.

Mtindo huo ulikuwa na sababu. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160, ukizidisha unalipia wa pili. Mtu mwenye salio la kubahatisha ilibidi abane, na "2po" ni herufi tatu badala ya nne. Siku hizi wengi wanaandika kwa bando, na hesabu ile haipo tena. Na "xaxa" haikuwahi kuwa na hesabu yoyote. Ina herufi nne, na "sasa" ina herufi nne. Hiyo ni urembo, kama kuvaa kofia kisogoni, na vijana wana haki ya urembo wao wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Nachokataa ni kuuleta kwenye barua ya kuomba kazi. Kijana anayemwandikia meneja "cjapata majibu yng" asishangae majibu yasipokuja.

Lakini mwalimu, tusiwaonee vijana. Tembea jijini Mbeya kutoka Mafiati hadi Mwanjelwa ukisoma mabango. "HAIRUSIWI KUPITA." "TAHADHALI." Hayo hayakuandikwa na mtoto wa kidato cha pili. Yameandikwa na watu wazima, yakalipiwa rangi, na aliyeyaagiza anapita chini yake kila asubuhi. Kijana anayeandika "xaxa" mara nyingi anajua ni "sasa". Aliyechora "tahadhali" hajui, na hataki kuambiwa.

"Naombeni ushauri" ni sahihi? (Makambako)

Hapana. Kiambishi "-ni" hapo kinaning'inia bila kazi. "Ombeni" ni amri kwa watu wengi, kama leteni, njooni, kaeni. Wewe huamuru, unaomba, nao wanaoombwa ni wengi: nawaomba. Watu wa pwani wana "nakuombeni", na iko sawa, kwa sababu "ku" imemtaja anayeombwa na "ni" imewafanya wengi. "Naombeni" haina ku wala wa. Najua mmeisikia kanisani na mkutanoni. Hata huko ni kosa.

Nyimbo hii au wimbo huu?

Wimbo huu, nyimbo hizi. Vilevile ufunguo umepotea, si "funguo imepotea", labda uwe na shada zima la funguo, na hapo ni "zimepotea".

Ndio au ndiyo? (Wengi mno)

Ya kukubali ni ndiyo. "Ndio" ipo, ila ina kazi zake: hawa ndio walioiba, mti huu ndio ulioanguka.

Masaa mawili au saa mbili? (Tunduma)

Usanifu unasema saa, moja au mia. Wanaopenda "masaa" wanajitetea kwamba "nitafika baada ya saa mbili" haieleweki: ni baada ya muda huo, au ikishapita saa mbili ya saa ya ukutani? Utetezi wao una mashiko. Hata hivyo, dawa ipo bila kuvunja kanuni: "nitatumia muda wa saa mbili", "nitafika saa mbili na nusu". Katika mtihani andika saa. Kwa kondakta wa basi sema utakavyo, atafika anapotaka.

Simu yangu inakata maneno, "nime kuja", na "kama" inageuka "karma". Pia siipati ile alama ya ng'. (Kilolo)

Simu haijui Kiswahili mpaka uiambie. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili, au zima kabisa usahihishaji wa yenyewe. Baada ya hapo "nime kuja" ikitokea tena, ni wewe. Kitenzi na viambishi vyake haviachani: nimekuja, atakuja, wanatusumbua.

Alama unayoitafuta ni ile ya ritifaa, ipo kwenye ukurasa wa namba na alama wa kibodi. Mtu wa Kilolo hana udhuru hapa, wilaya yako ina kata inayoitwa Ng'ang'ange. Jaribu kuiandika bila ritifaa kisha mwachie mgeni aisome kwa sauti.