Maswali ya Wasomaji: Sonne ya Hamburg na ya Munich

Swali: Najifunza Kijerumani hapa Kampala. Mwalimu wangu ni wa Hamburg, mwenzake wa Munich. Maneno ni yale yale, sauti hazifanani. Kwa nini?
Msomaji, Ntinda

Jibu: Weka vidole viwili kooni, useme Sonne (jua). Mtu wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, huanza na z ya "zawadi", koo likitetemeka tangu mwanzo. Wa Munich, kusini katika jimbo la Bavaria, huanza na s ya "sabuni", mtetemo ukingoja irabu. Sikiliza pia beachten (zingatia): kaskazini nyuzi za sauti hujifunga kabla ya a, neno likakatika, Uswisi hulipitisha bila kulikata. R ya Bavaria mara nyingi hupigwa kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo unayo tayari! Ya Hamburg hutoka nyuma, kwenye kimio.

Ukisikia pia sauti ya mmoja ikikwaruza, mkwaruzo huo usiisingizie lahaja upesi. Mafua, umri na sigara huuleta pia. Ukitaka kuupima kwa Praat, programu ya bure ya kuchanganua sauti, rekodi faili la WAV (sauti isiyobanwa) la hezi 44,100 (sampuli kwa sekunde), maikrofoni sentimita 20 kutoka mdomoni, wasemaji kadhaa kila upande. Sauti za WhatsApp hubanwa, vipimo vikapotoka.