Usiikate simu ya mezani, ifanye ilie mifukoni: tulivyounganisha laini zetu ofisini Mombasa

Mwenzetu mwenye duka la vipuri vya magari huko Ganjoni ameuliza kama aikate simu yake ya mezani, kwa kuwa wateja wengi huwapigia vijana wake wanne kwenye simu zao za mkononi, na ile ya mezani hulia mchana kutwa bila mtu wa kuipokea. Ushauri wangu ni kwamba asiikate, bali aifanye ilie mifukoni mwa vijana hao hao. Nasema hivi kutokana na yaliyotupata katika ofisi yetu ndogo ya uwakala wa forodha, ambayo ina watu saba, watatu kati yao wakishinda nje, ama bandarini Kilindini ama kwenye maghala ya upande wa Changamwe.

Kwa miaka kadhaa tulimwachia kila karani atumie nambari yake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa rahisi na hapakuwa na mtu aliyelalamika. Karani mmoja hodari alipoondoka kwenda kufungua ofisi yake hakuchukua faili hata moja, lakini waagizaji wa mizigo waliokuwa na nambari yake waliendelea kumpigia yeye, nasi tukakaa miezi miwili tukijiuliza simu zimepungukia wapi. Simlaumu, kwani nambari ilikuwa yake. Yetu ilikuwa ile ya 041, ambayo ilikwisha kuchapishwa kwenye ankara, kwenye barua za benki na kwenye daftari za wauzaji wa Dubai wanaoipiga kwa kuanza na +254 41, na ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeitupa pembeni kama redio mbovu.

Njia ya kwanza tuliyoijaribu, na ambayo huenda ikamtosha mwenye duka dogo, ni kuielekeza simu inayoingia kwenye nambari nyingine. Ikiwa nambari ya biashara ni ya laini ya mkononi, amri zake ni zile zile karibu katika kila mtandao wa GSM, yaani mfumo wa kawaida wa simu za mkononi: **67* kisha nambari na alama ya # huielekeza simu pale laini inapokuwa na mazungumzo mengine, **62* pale simu inapokuwa imezimwa au haina mtandao, na **61* pale isipopokelewa, ambapo unaweza hata kupanga muda wa kungoja, kuanzia sekunde 5 hadi 30, kwa kumalizia nambari na **20# mathalani. Amri ya ##002# hufuta yote. Kwa laini ya mezani amri hutofautiana, hivyo ni mtoa huduma wako atakayekupa zake. Jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka bili ije ni kwamba anayepiga hulipia safari ya kwanza tu, yaani mpaka kwenye nambari yako. Safari ya pili, kutoka hapo hadi kwenye simu ya kijana wako, unailipia wewe.

Njia hiyo ilituvusha mwaka mmoja, ila ilikuwa na kasoro mbili: simu ilikwenda kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alipompigia mteja baadaye ilionekana nambari yake, tukarudi pale pale pa karani wetu.

Ndipo tukahamia kwenye switchibodi ya intaneti, yaani mtambo unaopokea simu zote za ofisi na kuzigawa kwa watu kupitia intaneti. Nambari ya 041 ilibaki vile vile, lakini sauti sasa hupita kwenye intaneti badala ya ule waya wa shaba uliokuwa ukikoroma kila masika. Kasi isikutishe, kwa kuwa simu moja ambayo sauti yake haijabanwa ili ipunguze data hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, na iliyobanwa hula kama 30. Linaloharibu mazungumzo ni intaneti isiyotulia, kwani sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja watu huanza kukatizana maneno. Ukumbuke pia kwamba waya wa zamani ulipata umeme wake kutoka kituo cha simu, kwa hiyo stima ilipopotea simu iliendelea kulia. Kifaa cha intaneti hakina neema hiyo, na bila betri ya akiba ofisi nzima huwa bubu.

Sasa nije kwenye mpangilio wa mlio, ambao ndio uliotusumbua kuliko yote. Tulianza kwa kuzifanya simu zote zilie kwa pamoja, nasi tukajiona mafundi. Baada ya wiki moja mteja mmoja wa Voi alitulalamikia kwamba kila akipiga husikia sauti ya mashine ikimwomba aache ujumbe. Tulipochunguza tuligundua kwamba mwenzetu mmoja aliyekuwa akizima simu yake saa za kazi alikuwa amewasha huduma ya ujumbe wa sauti, nayo ilikuwa ikiidaka simu kabla ya binadamu yeyote. Switchibodi ikadhani imepokelewa na kuzinyamazisha nyingine zote. Dawa yake ni kumtaka anayepokea kwenye simu ya mkononi abonyeze 1 kwanza ndipo aunganishwe, kwa kuwa mashine haiwezi kubonyeza. Leo simu hulia mezani kwa sekunde 15, kisha kwa watu wawili wa ofisini, kisha kwa wale wa bandarini, na anayebaki bila kupokelewa huandikwa kwenye orodha ambayo mtu mmoja hupewa kazi ya kuipigia kabla ya saa kumi.

Waliomo ofisini tuliwawekea programu ya simu, hivyo wakipiga nje hutokea nambari ya 041. Wale wa bandarini niliwaachia simu ya kawaida isiyopita kwenye data, kwani data ikiyumba programu hukatakata sauti na kumaliza betri. Hao, wakitaka kumpigia mteja, huipigia kwanza switchibodi, huweka nywila, kisha hupewa laini ya nje. Nywila hiyo isiwe 1234. Yetu ilikuwa karibu na hiyo, na katika wikendi moja ya Pasaka wajanja walipiga simu za nchi za nje mpaka salio letu likaisha. Tulinusurika kwa kuwa tulikuwa tukilipa kabla ya kutumia. Tangu hapo simu za nje ya Afrika Mashariki zimefungwa usiku.

Ukitaka kurekodi mazungumzo, waarifu wanaopiga mwanzoni, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa na duka la vipuri. Na WhatsApp Business hukubali kusajiliwa kwa nambari ya mezani: chagua kuthibitishwa kwa kupigiwa badala ya ujumbe mfupi. Ila fanya hivyo siku ambayo simu hiyo inaelekezwa mezani moja kwa moja, la sivyo msimbo utasomewa kijana wako aliyemo kwenye feri ya Likoni, kama ulivyosomewa wetu.