Tenki la gari la kujiundia lifungwe ethi au lisifungwe?
Lifunge mkuu, tenki la chuma likikaa juu ya raba na mpira wa kujazia nao ni raba, umeme tuli unaojikusanya mafuta yakimiminika pale sheli hauna pa kutokea, cheche moja kwenye ule mvuke inatosha. Waya mmoja toka tenki kwenda chesesi, mwingine toka shingo ya kujazia kama ni ya chuma. Kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, mi niliwahi kubana juu ya rangi kwenye pikapu yangu huku Mafinga, geji ya mafuta ikawa inacheza kama imelewa kumbe floti, kile kipimo kinachoelea ndani ya tenki, haina ethi. Pima ukinzani wa umeme kati ya tenki na chesesi kwa mita, usizidi omu 1. Ila usichomelee kishikio kwenye tenki lililowahi kutiwa petroli, hata kama umelimwaga.