Usimuulize babu mwaka, muulize maji yalifika wapi

Mara ya kwanza nilipokwenda Kayenze, kando ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, kurekodi wazee, nilibeba fomu. Ilikuwa na kisanduku cha "mwaka", nami kwa ujana wangu niliamini kisanduku kikibaki wazi, kazi haijafanyika. Nikamuuliza babu mmoja, mvuvi wa zamani, ile nyumba yake aliijenga mwaka gani. Akanitazama, akaitazama fomu, akasema, "Andika hamsini na tano, mjukuu wangu." Nikaandika.

Jioni tukiagana, akaniambia kwa kupita tu kwamba ile nyumba yake ya kwanza ilimezwa na ziwa, ndiyo maana akahamia huku juu kwenye mawe. Masikio yakanipata moto. Ziwa Victoria lilianza kupanda na zile mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, Uhuru ukikaribia, likaendelea kupanda hadi 1964, zaidi ya mita mbili. Nyumba aliyoihamia kwa sababu ya maji ingekuwaje ya 1955? Babu hakunidanganya. Aliona kijana ana shida ya namba, akamsaidia.

Tangu siku hiyo siulizi mwaka. Kama nawe unataka kuandika habari za ukoo wako, au shule ya kijiji chenu, au mwalo wa kushushia samaki mliokulia, nakushauri uanzie hapo. Muulize mzee maji yalikuwa wapi. Mwombe mtembee wote hadi ufukweni akuonyeshe jiwe. Mguu ukishakanyaga mahali, mdomo unafunguka wenyewe, na utasikia mambo ambayo ukiwa umeketi sebuleni hutayapata hata ukimaliza chupa nzima ya chai.

Samaki nao wanasema miaka. "Siku hizo pale mwaloni mlikuwa mnauza nini?" Akijibu furu, ningu na gogogo, mko kabla sangara hajatawala huku kwetu, yaani kabla ya katikati ya miaka ya themanini. Akianza kueleza magari ya barafu na viwanda vya minofu, mmeshavuka. (Wazee wengi bado wanadai sangara hana ladha. Mimi nimeacha kubishana nao.) Mengine unayajua: kuhamishiwa vijijini 1974, vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Hata reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, bado inafaa. Hakuna atakayekuambia aliiona ikifika, lakini atakuambia mama yake alikuwa msichana wa kutwanga au tayari ana mtoto mgongoni.

Usitosheke na tukio moja. Kumbukumbu hukunjana kama nyavu zilizotupwa chomboni, na mafuriko mawili yanaweza kuwa moja kichwani mwa mtu. Mimi nachukua mawili au matatu ya aina tofauti: maji, samaki, na jambo la nyumbani kama kuoa au kuzaliwa kwa kifungua mimba. Yakikubaliana, naandika. Yakigombana, naandika yote na ugomvi wake.

Kuna tukio moja ambalo nakuomba usilitumie kama kalenda. Nililitumia, najuta. Nilikuwa nazungumza na mama mmoja kuhusu biashara yake ya ndizi kutoka Bukoba, nikauliza bila kufikiri, "Hiyo ilikuwa kabla au baada ya meli kuzama?" MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na takwimu rasmi zinataja watu 894 waliokufa. Mama akanyamaza. Akainuka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Mdogo wake alikuwemo. Mji huu una nyumba nyingi za namna hiyo, na makaburi ya pamoja yako Igoma kwa anayetaka kuyaona. Acha mwenyewe alitaje, na akilitaja, zima kinasa sauti kwanza, kisha muulize kama anaruhusu.

Kuhusu picha nitasema kidogo, maana watu huniuliza sana. Usiipige laminesheni. Ukishaifunga ndani ya plastiki kwa joto, kuitoa ni kuiua. Ikiwa imegandana na kioo cha fremu kwa unyevu wa ziwa, usiibandue. Ipige picha ikiwa humohumo, karibu na mlango, bila flashi. Majina yaandike kwenye bahasha yake kabla ya kuitia ndani, na umwandike kila mtu, hata yule wa pembeni ambaye kila mmoja anasema "huyo alikuwa mgeni tu".

Mwaka 2020 maji yalipopanda tena, nilirudi Kayenze. Vipimo vya kina cha ziwa vya Jinja, Uganda, vinaonyesha kwamba mwezi Mei mwaka ule ziwa lilifika pale lilipofika 1964, likapita kidogo. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ile ile, akiangalia miti ya ufukweni ikiwa imesimama majini. Hakuona vipimo vyovyote. Akanyoosha fimbo akasema, "Limerudi kwake. Pale ndipo palikuwa mlango wangu."

Fomu zangu bado zina kile kisanduku. Katika ile ya kwake nilikata hamsini na tano, nikaandika: "baada ya maji kufika mlangoni." Mwaka niliuweka pembeni, kwa penseli.