Chawa ananikera, ila bosi wake ananikera zaidi

Wiki hii mmeuliza "nini kinakukera zaidi ofisini?" Nilidhani ningejibu mshahara, lakini hapana aisee, mi kinachonimaliza ni hawa watu wa kujipigia debe, na kuliko wao ni bosi anayewasikiliza.

Wa kwetu simtaji. Kazi yake hasa ni ipi mpaka leo sijaelewa, ila kikaoni ndo wa kwanza kuongea. Juzi kati tulikuwa na ripoti ya robo mwaka na kuna dada kwenye timu ndo aliyeibeba yote, maana data zilikuja hovyo, tarehe idara moja inaanza na siku, nyingine inaanza na mwezi, wateja wengine wameingizwa mara mbili mbili, akakaa anasafisha mstari kwa mstari mpaka watu wa usafi wanaanza kuzima taa. Jamaa akaomba faili eti "alipitie kidogo". Alichofanya ni kubadilisha rangi za chati na kuongeza slaidi ya mbele, afu saa tano usiku akamtumia bosi imeili, sote katukopi: "Bosi nimeona niimalize leo ili kesho usipate presha." Saa tano usiku jamani, na ofisini alitoka mapema kuliko wote! Asubuhi bosi anajibu hongera sana, huu ndo moyo ninaoutaka. Yule dada kaisoma, kaifunga, kaendelea na kazi.

Sasa semeni nyie angefanyaje. Akilalamika ana wivu, akinyamaza jasho lake limeliwa. Na wale wa kushauri "na wewe jitangaze" huwa siwaelewi kabisa, tukijitangaza wote kazi anafanya nani?

Kuna atakayesema labda jamaa hajijui. Sikatai moja kwa moja. Mwaka 1979 watafiti wawili wa saikolojia kule Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mtu kivyake, kazi za nyumbani wewe unachangia kiasi gani, na walipojumlisha ya mume na ya mke kwa wengi ikazidi asilimia 100. Si kwamba wanadanganya, mtu anakumbuka vizuri alichofanya mwenyewe, cha mwenzie nusu yake hata hakukiona. Hata mimi mkiniuliza hapa nitajipa zaidi ya ninachostahili. Lakini sikieni utamu wake: waliwauliza pia nani anaanzisha ugomvi, na hapo napo watu walijibebesha wenyewe! Yaani mtu anayejikumbuka kweli anajikumbuka kwenye mazuri na kwenye mabaya. Huyu wetu mambo yakiharibika hajawahi kudai hata robo ya lawama, siku hiyo utasikia "timu haikukaa vizuri". Kwa hiyo hapo tusidanganyane, kumbukumbu haihusiki.

Ndo maana namlaumu bosi. Chawa hawezi kuishi kwenye ofisi ambayo mkubwa anafungua faili na kusoma. Siku ya kuwasilisha ile ripoti kuna mjumbe mmoja, si bosi, akauliza tu kwa upole mbona mwezi wa pili wateja wamepungua ghafla wakati mauzo yako palepale. Jamaa kimya, anarudisha slaidi nyuma, anapeleka mbele, afu akatabasamu, "hilo nimwachie dada hapa afafanue, yeye alinisaidia kidogo upande wa data". Alinisaidia! Dada akaeleza, ni yale majina yaliyoingia mara mbili ameyaondoa kuanzia mwezi wa pili na mwezi wa kwanza bado anausubiri uthibitishwe, chumba kizima kikaelewa. Nikamwangalia bosi nikasema leo kaona mwenyewe. Wapi! Baada ya kikao kamshika jamaa bega, "umeongoza vizuri".

Ikabidi nitafute njia ambayo haina kulalamika. Kikao kilichofuata nikapendekeza kwamba kuanzia sasa kila sehemu ya ripoti aielezee aliyeitengeneza, sababu niliyotoa ni kuokoa muda, sikumgusa mtu. Bosi akakubali palepale. Jamaa naye akanyoosha mkono, akasema wazo zuri sana, na kwamba yeye binafsi amekuwa akilifikiria kwa muda mrefu.